Mkaidi wa Kiingereza na majina yake mengi

Mwaka 1948 kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza, ICI, ilimnyima kazi msichana wa miaka 22 aliyehitimu kemia Oxford. Idara ya wafanyakazi ilimtathmini kuwa headstrong, obstinate, na mtu anayeyaamini maoni yake mwenyewe kiasi cha kuhatarisha. Aliitwa Margaret Roberts. Baadaye aliolewa akawa Margaret Thatcher, na kuanzia 1979 hadi 1990 akawa Waziri Mkuu wa nchi hiyo.

Ukiipitisha tathmini ile kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utapata kitu cha ajabu kidogo. Headstrong, mkaidi. Obstinate, mkaidi. Yaani binti huyu ni mkaidi, halafu ni mkaidi, na juu ya hayo anajiona. Waliomsaili hawakuwa wakijirudia. Walimshitaki kwa makosa mawili, na sisi tunaosoma Kiingereza kwa kupitia kamusi tunayaona kuwa moja.

Mkanganyiko huu uko kila mahali. Kijana anaulizwa kwenye usaili sifa yake kubwa ni ipi, anajibu "I am stubborn" akikusudia kusema hakati tamaa, na waliokaa mezani wanatazamana. Mtangazaji anasoma habari ya mazungumzo ya amani yaliyovunjika. Shirika la habari limeandika intransigent, yeye anatamka "wakaidi", na msikilizaji anapata picha ya watoto watundu badala ya wanasiasa. Mzazi anapokea ripoti ya shule ya kimataifa yenye neno strong-willed, anaitisha kikao cha familia, kumbe mwalimu alikuwa anajitahidi kuwa mpole.

Basi tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Ukaidi, kwa upana wake, ni kutobadilika huku kuna kitu kinakushinikiza ubadilike. Hapo pana pande mbili: kinachosukuma, na kisichosogea. Kiswahili cha kila siku kinamtazama zaidi yule asiyesogea: ni mkaidi, ni mbishi, ana kichwa kigumu, hasikii. Kiingereza kimelimbikiza maneno mengi kwa sababu kinatazama pia kinachosukuma. Je, ni ushauri? Ni amri? Ni ushahidi? Ni machozi ya mtu anayeomba asamehewe?

Fikiria mlango usiofunguka. Kwako wewe uliye nje unasukuma, milango yote iliyogoma ni sawasawa. Lakini mmoja umevimba kwa mvua za masika. Wa pili umetiwa komeo na mwenye nyumba, na ana sababu zake. Wa tatu, kuna mtu ndani ameuegemea kwa mgongo kwa kuwa tu amejua ni wewe unayebisha hodi. Mkaidi wa Kiswahili ni mlango uliogoma. Kiingereza kinataka kujua umegoma kwa nini, tena kinataka kujua ni nani anayelalamika huko nje. Swali hilo la pili ndilo linaloleta shida kubwa zaidi, nitalifikia.

Stubborn, neno la wote

Stubborn ndilo la kawaida kuliko yote, na limo katika Kiingereza tangu karne ya 14. Halibagui. Mtoto anayekataa uji ni stubborn, punda aliyesimama katikati ya barabara ni stubborn, doa la mafuta lisilotoka kwenye kanzu ni stubborn. Hata ukweli wenyewe. Desemba 1770, huko Boston, mwanasheria John Adams alisimama kuwatetea askari wa Kiingereza waliowapiga risasi na kuwaua raia mwezi Machi mwaka huo. Mji ulikuwa umewakasirikia vibaya. Adams akaliambia jopo la raia walioamua kesi ile kwamba facts are stubborn things: ukweli haupindi kwa sababu una hasira nao. Kati ya askari wanane, sita waliachiwa na wawili wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Adams alikuja kuwa Rais wa pili wa Marekani. Katika sentensi yake ile, stubborn haina lawama hata chembe.

Lakini neno hilo hilo liliwahi kubeba kamba ya kunyongea. Mwaka 1646 koloni la Massachusetts lilipitisha sheria iliyotokana na Kumbukumbu la Torati sura ya 21: kijana wa kiume wa miaka 16 au zaidi, aliye stubborn na mwasi kwa wazazi wake, aliweza kuuawa. Hakuna anayejulikana kunyongwa kwa sheria hiyo, ila mabaki yake, adhabu ikiwa imeshapunguzwa, yalikaa vitabuni mpaka 1973. Leo mzazi wa Boston anasema my son is so stubborn huku anacheka, na pengine anajisifu kwamba mtoto kamfuata babu yake.

Huku kwetu neno limepata maana ya nyongeza. Katika Kiingereza cha madarasani Kenya na Uganda, a stubborn child mara nyingi ni mtoto mtundu, msumbufu, anayewarushia wenzake karatasi mwalimu akigeukia ubao. Huyo anaweza kubadilika mara kumi kwa siku. Kosa lake ni kutotulia. Mwingereza akiambiwa hivyo atamfikiria mtoto mwingine kabisa, aliyekunja mikono pembeni na kusema sitaki. Sioni sababu ya kuwaambia watu wa Kampala wanakosea, maana Kiingereza ni chao pia. Ila kama barua inakwenda London, naughty litaeleweka haraka zaidi.

Ushauri na hoja

Turudi kwa msichana wa ICI. Headstrong ni mtu anayepewa ushauri asiusikie kwa sababu ameshaondoka. Ndani ya neno kuna haraka. Mzee aliyekataa kwa miaka 10 kuuza shamba lake huwezi kumwita headstrong. Headstrong ni binti anayefunga mizigo usiku ule ule aliokatazwa safari. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu walikuwa na mtu wa aina hii akilini. Guu halivunjiki ukiwa umekaa.

Obstinate hana haraka yoyote. Neno lina asili ya Kilatini, na ndani yake mna kusimama: amesimama mbele ya kitu, na hapo ndipo alipo. Kinachomsukuma ni hoja. Umemweleza, umemwonyesha risiti, umemletea mashahidi, anakiri kwamba hana jibu, na bado yuko pale pale. Tuna neno linalomkaribia, mbishi, ingawa mbishi wa Kiswahili lazima aseme, tena aseme sana, wakati obstinate anaweza asifungue kinywa.

Kwa hiyo tathmini ya 1948 ilisema hivi: huyu ataanza mambo bila kutuuliza, na akishayaanza hatutaweza kumtoa. Kwa mwajiri hizo ni hofu mbili. Na ukiufuatilia utawala wake wa baadaye, nadhani wale watu wa ICI walikuwa wasomaji wazuri wa tabia, hata kama walipoteza mkemia.

Wanyama wanaingia hapa. Pig-headed ni obstinate aliyeongezewa ujinga: hasogei, na sababu zake za kutosogea hazina akili. Bull-headed anasonga mbele pembe zikiwa chini, kwa hiyo yuko jirani zaidi na headstrong. Mulish anatoka kwa mule, mnyama azaliwaye na punda dume na farasi jike, na picha yake ni miguu minne iliyokazwa ardhini. Kamusi itakuambia mule ni nyumbu. Ni kweli, lakini tahadhari. Msomaji wa Tanzania akisikia nyumbu anaona makundi ya Serengeti yakivuka mto Mara, na katika matusi ya siasa za mitandaoni nyumbu ni mtu anayefuata mkumbo bila kufikiri. Mulish ni kinyume cha huyo: kundi zima limevuka, yeye amebaki ng'ambo.

Waingereza wana lao jingine ambalo mgeni hulisikia vibaya: bloody-minded. Zamani lilimaanisha mwenye kiu ya damu. Kwa Uingereza ya leo ni mtu anayekwamisha jambo ili likwame tu, wala hapati faida yoyote. Karani anakurudisha kesho kwa sababu umejaza fomu kwa wino wa buluu, na fomu yenyewe imeandikwa kwamba wino wa buluu unaruhusiwa. Hapa Kiswahili hakina haja ya kuazima. Hiyo ni inda, na yule aliyeuegemea mlango kwa mgongo ndiye mwenye nayo.

Amri

Neno lililoleta kishindo kikubwa kuliko yote katika familia hii ni recalcitrant. Kilatini calx ni kisigino, na recalcitrare ni kurusha mateke kwa nyuma. Biblia ya Kilatini, katika Matendo ya Mitume 26:14, pale Sauli anapoambiwa ni vigumu kwake kuupiga mateke mchokoo, fimbo yenye ncha ya kuswagia wanyama, inatumia kitenzi cha ukoo huo huo. Sisi tunaosema fadhila ya punda ni mateke tunamfahamu mnyama huyo vizuri. Sasa jiulize: mateke ya punda humpata nani? Humpata aliyembebesha mzigo, au anayejaribu kumswaga. Ndiyo maana recalcitrant ni neno la aliye juu akimsema aliye chini. Hakimu humwita hivyo shahidi anayekataa kujibu. Mwalimu mkuu humwita hivyo mwanafunzi. Mwanafunzi akimgeuzia mwalimu mkuu neno hilo, sentensi inachekesha, ingawa sarufi iko sawa.

Novemba 1993 viongozi wa nchi za APEC, jumuiya ya kiuchumi ya Asia na Pasifiki, walikutana Seattle kwa mwaliko wa Rais Clinton. Waziri Mkuu wa Malaysia, Mahathir Mohamad, hakwenda. Alikuwa na wazo lake la jumuiya ya Asia Mashariki isiyo na Marekani wala Australia. Waandishi walipomuuliza Waziri Mkuu wa Australia, Paul Keating, kuhusu kutokuwepo kwake, alijibu kwamba APEC ni kubwa kuliko sisi sote, kuliko Australia, Marekani, Malaysia, Dkt. Mahathir na recalcitrants wengine wowote.

Malaysia iliwaka. Ilidai iombwe radhi, kukawa na vitisho vya kuupunguza uhusiano wa kibiashara, na suala la neno moja likawashughulisha mabalozi kwa wiki kadhaa, hadi Keating alipoeleza kusikitika kwamba Mahathir aliudhika. Wapo waliosema Wamalaysia walikuza jambo dogo. Mimi naona walilisikia neno sawasawa kabisa. Angesema stubborn, ingekuwa kejeli ya kawaida ya wanasiasa, ya leo na kesho yaishe. Recalcitrant lilisema kitu kingine: kwamba kuna bwana, kuna mzigo, na huyu anayerusha mateke alipaswa kuubeba. Ukimwambia hivyo kiongozi wa nchi iliyotawaliwa na Waingereza mpaka 1957, usishangae.

Wilful liko jirani na hilo, ila lenyewe linatazama nia. Mtoto wilful anafanya atakalo kwa kuwa ndilo atakalo. Likiingia mahakamani linaachana na habari za tabia: wilfully, katika sheria za jinai tulizorithi kwa Waingereza, ni kwa makusudi, basi. Aliyevunja kioo cha gari la jirani wilfully huenda ni mpole kupindukia siku nyingine zote. Ukiandika "kwa ukaidi" kwenye tafsiri ya hati ya mashtaka, umebadilisha kosa.

Huruma, na meza ya mazungumzo

Obdurate lina ndani yake durus, yaani gumu. Kinachosukuma hapa ni huruma, au wito wa kutubu. Farao ndiye mfano wake mkuu: mapigo yanakuja, watu wanalia, moyo unazidi kuwa mgumu. Msomaji wa Qur'ani anaikuta picha ya namna hiyo katika Al-Baqara aya ya 74, nyoyo zilizokuwa ngumu kama mawe au kuzidi. Muuaji asiyejuta anaweza kuitwa obdurate. Mtoto anayekataa mchicha hawezi, labda kwa utani.

Wengi huamini kwamba neno refu la Kilatini ni la adabu zaidi, na kwamba ukitaka kumsema mtu bila kumuumiza umwite obdurate badala ya stubborn. Ni kinyume. Neno refu ni la shughuli rasmi zaidi, na shughuli rasmi ndizo zinazofukuza watu kazi na kuwapeleka jela. Rafiki akikuita stubborn mnaendelea kunywa chai. Barua ya mkuu wa idara ikikuita obdurate, tafuta mwanasheria.

Shingo ngumu tunayo sote kutoka Biblia. Kutoka 32:9 inawaita Waisraeli hivyo, na Kiingereza kina stiff-necked, ng'ombe anayekataa nira, lenye kiburi ndani yake na harufu ya kanisani. Kichwa kigumu ndicho kinachotutega. Ukikitafsiri moja kwa moja unapata hard-headed, na hard-headed kwa Waingereza mara nyingi ni sifa njema: mfanyabiashara anayepiga hesabu zake bila kuyumbishwa na hisia. Mwalimu aliyeandika hard-headed akimaanisha mwanafunzi haelewi masomo, au hasikii, amempa mtoto barua nzuri ya kuombea nafasi benki.

Adamant nalipenda kwa sababu ya ukoo wake. Limetoka kwa Wagiriki, adamas, kitu kisichoshindika, jina walilolipa jiwe gumu kuliko yote. Neno hilo lilipita njia mbili. Moja ilikwenda Ulaya ikazaa adamant na diamond. Nyingine ilikwenda Mashariki, Waarabu wakaifanya almas, na ikatufikia sisi pwani kama almasi. Katika matumizi, adamant halielezi tabia ya mtu ya kudumu. Linaeleza jambo moja: she was adamant that he should leave, ameshika hilo na halijadiliwi, lakini kwa mengine yote huenda ni mtu wa kukubali. Wala halina tusi.

Intransigent ni la siasa tangu kuzaliwa. Wakati Hispania ilipojaribu jamhuri yake ya kwanza, 1873, wafuasi wa shirikisho waliokataa suluhu yoyote na wenzao wa wastani waliitwa los intransigentes, wasiokubaliana. Baadhi yao waliishia kwenye uasi wa miji, na Cartagena ilishikilia mpaka Januari 1874. Magazeti ya Ulaya yakalidaka neno na halijatoka kurasa za habari za kimataifa hadi leo. Maana yake inahitaji meza: pana pande mbili, kila upande unatarajiwa kuachia kitu, na mmoja haachii. Ukiwa peke yako nyumbani huwezi kuwa intransigent. "Msimamo mkali" unaotumiwa na vyombo vyetu unakaribia, lakini siku hizi umeelemewa na habari za itikadi na silaha. Ningeandika tu "wamekataa kulegeza" na msikilizaji angenielewa.

Nani anasema

Mwaka ule ule wa 1948, mwanafalsafa Bertrand Russell alikuwa kwenye kipindi cha redio cha BBC kilichoitwa The Brains Trust. Akanyambua kitenzi kisichokuwepo kwenye sarufi yoyote: I am firm, you are obstinate, he is a pig-headed fool. Mimi nina msimamo, wewe ni mbishi, yule ni mpumbavu mwenye kichwa cha nguruwe. Watu watatu, tabia moja. Kilichobadilika ni umbali kutoka kwa msemaji. Nafsi ya kwanza inajipa sifa, ya pili inaambiwa usoni kwa hiyo inastahiwa kidogo, ya tatu haipo na haina wa kuitetea.

Hapo ndipo kamusi yoyote inaposhindwa, hata iliyo bora. Inaweza kukueleza kinachosukuma, haiwezi kukuambia msemaji amesimama upande gani wa mlango. Januari 1976 gazeti la jeshi la Kisovieti, Krasnaya Zvezda, lilimwita Thatcher mwanamke wa chuma. Ilikuwa dhihaka. Yeye akaichukua, ndani ya wiki akaitumia jukwaani, na ikawa sifa yake ya maisha. Oktoba 1980, uchumi ukiwa taabani na hata watu wa chama chake wakimtaka ageuze sera, aliwaambia wajumbe huko Brighton kwamba the lady's not for turning. Kwa waliomshangilia alikuwa resolute, mwenye azma. Kwa waliokosa kazi alikuwa obdurate. Mwaka 1990 aliishikilia kodi ya kichwa, jina ambalo babu zetu walilijua chini ya ukoloni, mpaka watu wakafanya ghasia mitaani London, na Novemba chama chake mwenyewe kikamwondoa. Alifanya jambo lile lile alilolifanya 1980. Mara hii hakushinda, na maneno yakabadilika.

Ndiyo sababu siamini kwamba ukaidi mzuri na ukaidi mbaya vinatofautiana kwa kiasi, kwamba ukizidisha kidogo resolute unapata obstinate, kama kuzidisha chumvi. Mara nyingi ni kiasi kile kile. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, 1989, wabunge walimdhihaki bungeni. Kwa wakubwa wa siku ile neno lililomfaa lingekuwa recalcitrant. Jengo halikujengwa, na mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani dunia ilikuwa na tenacious, resolute, na mengine ya aina hiyo. Sijui ni lini katikati ya miaka hiyo 15 alipobadilika, kwa sababu hakubadilika.

Maneno ya kusifu yenyewe yana mipaka. Tenacious na pertinacious ni ndugu, yote yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kushika. La kwanza ni king'ang'anizi unayempenda; la pili ni yule yule akikupigia simu kwa mara ya sita. Warumi walikuwa na mfalme mkuu aliyeitwa Pertinax. Alishika utawala Januari 193, akajaribu kuwarudisha walinzi wa ikulu kwenye nidhamu, nao wakamuua kabla ya mwisho wa Machi.

Dogged lina safari ndefu zaidi. Limetoka kwa mbwa, na mwanzoni lilikuwa tusi kama unavyolitarajia: mkali, mnunaji, mwenye tabia za mbwa. Taratibu Waingereza wakaacha kuyaona meno ya mbwa wakauona mwendo wake, anavyofuata harufu siku nzima bila kuchoka, na leo a dogged journalist ni mwandishi wa kuheshimiwa. Linatamkwa kwa silabi mbili, dog-id. Ukilitamka kwa silabi moja umesema kitenzi, kuandamwa: dogged by scandal, anaandamwa na kashfa. Mwombaji kazi aliyetaka kusema hakati tamaa angechagua hili, au tenacious, au determined lisilo na hatari yoyote. Mpaka leo sijaona namna ya kulitafsiri dogged nikambakiza mbwa, kwani kwa Kiswahili mbwa hajawahi kusamehewa.

Palipo na ukaidi usio na mkaidi

Tumebakiza refractory, na hili tunakutana nalo zaidi hospitalini na viwandani. Matofali ya refractory ni yale yanayojengea tanuru, yasiyoyeyuka kwa moto wa kuyeyushia chuma. Daktari naye akiandika refractory epilepsy anamaanisha kifafa ambacho dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa ipasavyo zimeshindwa kukidhibiti. Kiswahili chake kipo na ni kizuri: sugu. Ni ngozi iliyokomaa mpaka haisikii mchomo, ndiyo maana tuna kifua kikuu sugu na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mtaani neno limeshavuka likawa sifa, hata mwanamuziki na mwanasiasa Joseph Mbilinyi wa Mbeya analitumia kama jina.

Familia inaweza kusoma refractory kwenye barua ya rufaa, ikaangalia kamusi, ikakuta "-kaidi", na kuanza kumgombeza mgonjwa. Neno hilo linausema ugonjwa. Linalomsema mgonjwa ni non-compliant, hatumii dawa alivyoelekezwa, na wengi katika fani wameanza kuliacha waandike non-adherent, kwa sababu compliance ni utii, na mama aliyekosa nauli ya kurudi kliniki hakumwasi mtu.